Nesi Aliyerusha Ndege Kurudi Kwao

Nesi aliogopa hata kupanda kiti akaangike pazia. Taa ya sebuleni ikiungua aliniita mimi, mpangaji wake wa chumba cha uani, akashika miguu ya kiti kwa mikono yote miwili na kufumba macho mpaka niteremke. Bodaboda alipanda kwa shida, na wakifika kwenye mteremko alishuka akatembea, dereva akimfuata pembeni polepole kama anaswaga ng'ombe mmoja. Ndege ya kweli hakuwahi kuipanda. Mwanawe anayeishi Mwanza aliwahi kumwambia atampeleka Dar es Salaam kwa ndege akaone bahari. Alimjibu kwamba ziwa alishaliona, na bahari ni ziwa lililotiwa chumvi.

Na bado, karibu kila siku, akishamaliza kuosha vyombo vya mchana, alivaa miwani, akakaa mbele ya kompyuta yake kuukuu, akakunja kitambaa cha kufuma alichoifunikia, akarusha ndege kutoka uwanja wa Musoma.

Ilikuwa gemu, bila shaka. Lakini ukimwambia anacheza gemu alikukatisha: "Mimi nasafiri."

Pale Nyamisangura, mtaa wetu wa Tarime mjini, hakuna aliyemwita kwa jina. Alikuwa amestaafu unesi zamani, lakini nusu ya mji ilikuwa imepita kwenye sindano yake. Wanaume wazima wenye ndevu walisimama barabarani kumwamkia shikamoo, na wengine walijishika kiunoni wakicheka kwamba bado panauma. Yeye hakucheka nao sana. Alikuwa mtu wa kukutazama usoni kwanza, macho, midomo, kucha, halafu ndiyo aitikie marahaba. Kama amekuona vibaya alikwambia palepale, mbele ya watu. Mzee mmoja muuza mahindi aliambiwa naye hivi sokoni: "Wewe ini lako limechoka na gongo. Ukiendelea hutamwoa yule binti unayemtafutia ng'ombe." Watu walimlaumu kwa ulimi huo. Alisema mgonjwa anayedanganywa hufa akiwa na maswali.

Kompyuta aliipata kwenye zahanati ya mtu binafsi iliyofungwa. Wafanyakazi waligawana vilivyobaki, mwingine akachukua kabati, mwingine kitanda, na yeye aliyekuwa akisaidia pale siku mojamoja akaachiwa kile ambacho hakuna aliyekitaka. Ilikuwa na Windows ya zamani iliyojaa virusi, inawaka kama mtu anayeamka baada ya nusukaputi. Mimi wakati ule nilikuwa nafanya kazi kwenye duka la kuchapa na kutoa kopi karibu na stendi, na nilikuwa na mapenzi makubwa na Linux, mapenzi ya kijana ambaye kila anayekutana naye lazima amsimulie. Nikamwambia kuna mfumo mwingine, ni wa bure, ni mwepesi, na virusi vile haviuwezi.

"Wa bure kwa sababu gani?"

"Watu wameutengeneza kwa kujitolea, Nesi. Dunia nzima."

"Kama kwaya," akasema. Akaniruhusu.

Nilipokuwa nauweka, alikaa nyuma yangu muda wote. Nilipofungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, alinishika bega.

"Kabla hujamchoma mtu sindano unamwambia ni ya nini. Hicho unachoandika ni nini?"

"Ni amri ya kuongeza programu."

"Ina madhara gani?"

"Haina."

"Kila dawa ina madhara. Fikiri kwanza, halafu uandike."

Nikafikiri. Nilikuta nimekosea herufi moja, si ya kuharibu kitu, lakini sikumwambia. Tangu siku ile mpaka leo siandiki amri kwenye mashine ya mtu kabla ya kumweleza ni ya nini, na wateja wengi huniona nina maneno mengi.

Alitaka karata tu. Karata za kucheza peke yake, za kupanga mfalme na malkia, basi. Nikampa karata, nikamwekea na gemu nyingine za bure zilizokuwemo: sataranji, mbio za magari, na hiyo ya ndege. Vijana wa banda la gemu lililokuwa kona ya barabara walikuja kuchungulia dirishani, maana habari zilishaenea kwamba Nesi ana kompyuta. Mmoja akamwonea huruma.

"Nesi, umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Hiyo ya Linux haichezi mpira."

"Hata mimi sichezi mpira," akasema, akafunga dirisha.

Kulikuwa na kisa cha mvinyo, ambacho mtaa wote ulikisikia. Mwanawe alimletea gemu ya kuendesha lori, akidhani mama atafurahi, lakini ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya Windows. Nikamwambia si tatizo, ipo programu inayoiwezesha Linux kucheza gemu kama hizo, na programu yenyewe inaitwa Wine.

"Maana yake?"

"Mvinyo. Ni jina tu, Nesi."

Nesi alikuwa mtu wa Sabato. Jumamosi hakugusa kompyuta wala kiwembe, na katika nyumba ile hata togwa lililolala siku mbili lilimwagwa. "Mvinyo haujawahi kuingia humu," akasema, "na hauingii kwa kupitia waya." Nilimweleza weee, hakutaka. Mwisho nikapata akili, nikaiweka, nikabadilisha jina linaloonekana kwenye kioo likawa Uji. Akakubali. Kila alipotaka kuendesha lori aliniita dirishani kwa sauti kubwa, "Mura, njoo unifungulie Uji," na mimi si Mkurya, ni Mwikoma kutoka Serengeti, lakini kwake kila kijana alikuwa mura. Lori halikumkaa rohoni hata hivyo. Alisema barabara zake ni za watu wengine.

Ndege ndiyo iliyomchukua, na ilianza kwa swali. Nilikuwa namwonyesha jinsi ya kuruka kutoka uwanja mmoja wa Ulaya ambao gemu huanzia, akaniuliza, "Hii inakwenda wapi?"

"Popote duniani."

"Hata kwetu?"

Kwao ni upande wa Nyangoto, kwenye milima ya kaskazini mwa mto Mara, palipo na mgodi mkubwa. Alizaliwa na kukulia kwenye mlima ambao sasa haupo. Dhahabu ilikuwa chini yake, familia zikahama, makaburi yakahamishwa, mlima ukachimbwa mpaka ukawa shimo. Haya nilikuwa nayajua kama watu wote wa Tarime wanavyoyajua, kwa kusikia. Yeye hakuyaongelea.

Tukaanzia Musoma. Nikafuata ufukwe mpaka Kirumi, nikaupanda mto Mara, ule mstari wa bluu unaopindapinda katikati ya mafunjo. Milima ilipoanza nikakata kushoto. Nesi alikuwa amesogeza kiti mpaka magoti yake yanagusa meza. Kisha akasema neno kwa Kikurya ambalo sikulielewa, na akaweka kidole kwenye kioo.

Mlima ulikuwepo.

Ilinichukua muda kuelewa. Ile gemu ya bure ilikuwa imejengwa kwa vipimo vya ardhi vilivyochukuliwa kutoka angani miaka mingi nyuma, kabla mlima haujachimbwa, na waliojitolea kuitengeneza hawakuwa wamefika kurekebisha kona yetu ya dunia. Nani angekumbuka kuja huku kupima upya? Kwa hiyo katika kompyuta ile, mgongo wa mlima ulikuwa umesimama wima, na bonde lake, na kile kijito kinachotoka ubavuni. Nilimweleza hivyo. Sijui kama alinisikiliza.

"Rudi," akasema. "Rudi tena, upite chini."

Ndiyo ikawa safari yake. Nilimfundisha kuirusha mwenyewe, na alijifunza kwa namna yake ya wodini. Alikata vipande vya plasta akavibandika kwenye vitufe, akaandika kwa kalamu: MOTO kwenye cha kuongeza nguvu, JUU, CHINI, SIMAMA. Ndege ikianguka hakukasirika, alisema "tumempoteza," akaanza upya. Mashine ilikuwa dhaifu, na ikifika kwenye milima picha zilikwama na kurukaruka. "Inapumua kwa shida," aliniambia. Nikaona tatizo ni miti, maana gemu ilikuwa inachora misitu minene ya misonobari kila mahali, na vijumba vya vigae vyekundu ambavyo hakuna Mkurya aliyewahi kujenga. Nikamuuliza kama niitoe miti.

"Itoe yote. Nani alipanda misonobari kwetu? Na nyumba hizo toa."

"Patabaki nyasi tupu, Nesi."

"Nyumba zetu nazijua mwenyewe."

Kwa hiyo kilichobaki kilikuwa umbo la mlima tu, kijani kitupu, kama ngozi ya mnyama iliyotandikwa. Juu ya hicho kijani yeye aliona vitu. Wakati mwingine nilikuwa nikipita na ndoo yangu kwenda bombani, nikamsikia akisema peke yake, "Hapa kisima. Hapa kwa akina mama mkubwa." Halafu alizunguka, akainuka, akarudi Musoma kutua, kwa sababu hakupenda kuzima gemu ndege ikiwa hewani. Aliona si heshima.

Hiki ndicho kitu ambacho sikuwahi kukipatanisha ndani yake. Mtu aliyemwambia mzee wa watu habari za ini lake sokoni, mtu ambaye hakuvumilia hata uongo wa kumfariji mtoto kwamba sindano haiumi, kila mchana alijifungia na ramani iliyopitwa na wakati na kuilinda kama yai. Kompyuta ilipouliza kama iboreshwe, aliniita.

"Inataka nini?"

"Kuna maboresho, Nesi. Ni mazuri."

"Na mlima?"

"Hayagusi ramani."

"Una hakika?"

Nilisoma orodha yote, mstari kwa mstari, ndipo akakubali.

Mwanawe wa Mwanza alikuwa mtu mwema na alimpenda mama yake, ila alikuwa na haraka. Siku moja alikuja likizo na mkewe, wakamletea kompyuta mpya ya mkononi, nyembamba, na ndani yake Windows mpya na gemu nyingine ya ndege, ya kisasa kabisa. Picha zake zilikuwa zimepigwa kutoka angani karibuni. Tukakusanyika sebuleni. Niseme kweli, nilipoona mabati ya Musoma yakimetameta juani na mitumbwi iko ufukweni, nilisahau Linux yangu yote.

"Shika, mama," mwanawe akamwambia. "Hii ndiyo halisi. Twende kwenu."

Nesi akashika. Hakuhitaji kuelekezwa. Alipita Kirumi, akapanda mto, akakata kushoto. Tukaliona sote kwa pamoja: shimo la kijivu, limekatwa ngazi kwa ngazi, na chini kabisa dimbwi la maji, na barabara za malori zimelizunguka kama kamba. Mkwe wake aliinamisha kichwa. Nesi aliachia vitufe, akasimama, akaenda jikoni, tukasikia sufuria.

Aliporudi alikuwa amebeba chai.

"Ni nzuri sana," akasema. "Rudi nayo Mwanza, watoto wasomee."

"Mama, nimekuletea wewe. Utaendelea na lile debe la kompyuta mpaka lini? Unaishi kwenye picha ya zamani."

"Ninyi mna picha ya harusi ukutani?"

"Tunayo."

"Mmenenepa wote wawili. Nani aliwaambia muitoe?"

Mkewe ndiye aliyeanza kucheka, na mwanawe akacheka baadaye, lakini nilimwona amechomwa moyo. Aliondoka nayo.

Habari hizo ndizo zilizomfikia kaka yake. Nesi alikuwa na kaka mkubwa, mchimbaji mdogo upande wa Nyakunguru, na katika miaka yangu yote ya kupanga pale sikuwahi kumwona wala kusikia akitajwa. Alikuja siku ya Jumapili, mwembamba, nguo zake zimeingia vumbi jekundu ambalo halitoki kwa sabuni. Alisimama mlangoni bila kuvua kofia.

"Shikamoo, kaka," Nesi akasema, bila kumkaribisha.

"Marahaba, mdogo wangu. Nasikia una mlima wetu humo ndani."

Nesi akasogea kando, kaka akapita. Mimi nilikuwa nimeitwa kurekebisha spika, nikataka kutoka. Nesi akaniambia kaa. Nadhani hakutaka kubaki naye peke yake.

Alimrushia. Kaka alitazama safari nzima kimya, lakini walipofika juu ya kijani kile akaanza kusogea mbele.

"Boma la baba lilikuwa huku, upande wa mawio."

"Lilikuwa huku. Mawio palikuwa na zizi."

"Zizi lilihamishwa mwaka ule wa ukame. Ulikuwa shule."

"Kaka, mimi nilichota maji pale kila asubuhi."

"Nipe mimi nikuonyeshe."

Akampa. Kaka akabonyeza plasta iliyoandikwa MOTO, kisha CHINI, na ndege ikaingia ubavuni mwa mlima moja kwa moja. Kioo kikatulia. Nikasubiri Nesi aseme "tumempoteza," hakusema. Kaka alikuwa bado ameshika kibodi kwa mikono miwili.

"Unadhani mimi sikuupenda?" akasema.

"Uliweka dole gumba kwenye karatasi za mgodi."

"Baba alishakufa. Majirani wote walikuwa wameweka. Ningebaki mimi na mbuzi juu ya mlima unaotetemeka?"

"Hukuniambia. Nilisikia kwa mgonjwa, kaka. Mgonjwa kitandani ndiye aliyeniambia kwetu hakupo."

"Nilikuja hospitali. Wakasema uko chumba cha upasuaji. Nikakaa kwenye benchi siku nzima, jioni wakafunga geti." Akavua kofia. "Kesho yake sikuwa na nguvu ya kurudi."

Nesi alimtazama usoni, vile alivyowatazama watu barabarani: macho, midomo, kucha. Halafu akanyoosha mkono, akaanzisha ndege upya kutoka Musoma.

"Haya," akasema, "nionyeshe hilo zizi. Lakini usishuke hivyo, utaua watu."

Siku ile kaka alikula pale. Nesi alimtuma kijana wa bucha nyama, akapika kichuri, supu chungu ile ya Wakurya ambayo mimi Mwikoma sijaweza kuizoea, na wakabishana kuhusu zizi mpaka jua likaegemea. Hawakupatana kuhusu zizi. Kaka alizoea kuja Jumapili baada ya hapo, si zote. Akija alikaa upande wa kulia na kutaja majina ya watu, na Nesi akarusha.

Mimi niliondoka Tarime kabla wao hawajamaliza kubishana. Nilipata kazi mbali, kisha nikafungua duka langu la kompyuta Bunda. Nyumba ya Nyamisangura nilisikia imepangishwa, kwamba Nesi alipata presha ya macho, ile inayokula uono kutoka pembeni taratibu, na binti yake anayefundisha Mugumu amemchukua. Kila nilipopata mteja anayetaka Linux nilimkumbuka. Niliiweka ile gemu ya ndege kwenye kompyuta yangu ya mkononi pia, sijui kwa ajili ya nini. Niliifungua mara chache. Bila mtu wa kuniambia hapa kisima, hapa kwa akina mama mkubwa, ilikuwa kijani tu, na nilikuwa naizima ndege ikiwa hewani.

Mwaka huu nilikwenda nyumbani kuwaona wazazi, nikapitia Mugumu. Nilimkuta barazani kwa binti yake, asubuhi, ameelekeza uso kwenye jua. Alikuwa amepungua. Nikamwamkia shikamoo, na kabla sijajitambulisha akasema, "Mwikoma huyu. Umenenepa, nasikia kwenye pumzi."

Tuliongea habari za watu. Kaka yake yupo, miguu imemsumbua. Kisha akaniuliza kama bado natembea na kompyuta. Nikasema ninayo kwenye begi.

"Nirushe," akasema.

Nikaiweka magotini, nikaiunganisha na mtandao wa simu, nikaanzia Musoma. Hakuhitaji kuona. Alisikiliza injini, akaniongoza.

"Kirumi umepita?"

"Nimepita."

"Mafunjo?"

"Nayaona."

"Milima ikianza, kata kushoto. Usikimbie."

Nikakata. Sikuwa nimefikiria jambo moja. Toleo lile lilikuwa jipya, na lilikuwa linashusha ramani kutoka mtandaoni kadiri ndege inavyokwenda. Mtu fulani mahali fulani, kwa kujitolea kwake, alikuwa hatimaye amefika kwenye kona yetu akapima upya. Kilima kimoja kilipita, kingine kikapita, na pale ambapo mgongo ulipaswa kusimama, ardhi ilizama ngazi kwa ngazi.

Injini iliendelea kunguruma.

"Umefika?" akauliza.

Ingekuwa rahisi. Macho yake yalikuwa wazi, yananitazama karibu na sikio, na hayakuona kitu. Lakini nilikuwa nimekaa naye miaka mingi mno.

"Nesi, ramani hii ni mpya. Mlima haupo. Kuna shimo."

Aligeuza uso kurudi kwenye jua.

"Kubwa?"

"Kubwa."

"Najua, mura," akasema. "Kwani mimi nilikuwa sijui?" Akapapasa mpaka akaukuta mkono wangu, akaushika kwenye kifundo. "Usigeuze. Zunguka tu, ushuke kidogo. Haya, hapo kushoto kwako ni kwa mama. Anafagia."

Nikainamisha bawa la kushoto, ili tuone vizuri.